Kabla ya The Final Reckoning: urudie Mission: Impossible ya 1996, ya 2018 au ya 2023?

Mwenye jioni moja tu kabla ya kuitazama The Final Reckoning arudie ipi kati ya zile filamu saba za Mission: Impossible zilizotangulia? Ukiuliza hapa Mwanza, kuanzia vijana wa Mabatini hadi wanachuo wa Malimbe, wengi watakujibu bila kufikiri: ya 2023, kwa sababu hii mpya ndiyo mwendelezo wake. Ni jibu la haki. Hata hivyo naona wengi wao wangefaidi zaidi wakirudi hadi ile ya kwanza kabisa, ya 1996. Humu nitaziweka tatu pamoja, ya 1996, ya 2018 na ya 2023, kila mtu achague inayomfaa. Mwisho wa hii mpya sitaugusa. Za zamani nazichambua bila kuficha kitu. Aliyepewa miaka 29 ya kuiona ya kwanza asije akanilaumu.

Kwa wasioufuata mfululizo huu: steringi ni Ethan Hunt, anaigizwa na Tom Cruise tangu filamu ya kwanza hadi ya nane. Kikosi chake cha siri kinaitwa IMF, usikichanganye na wale wa mikopo. Wanapewa kazi ambayo wakikamatwa serikali yao itakana kuwajua. Filamu nne za mwanzo kila moja ilikuwa na muongozaji wake. Kuanzia ya tano, ya 2015, usukani umeshikwa na Christopher McQuarrie, na ndiye aliyeongoza hii ya nane iliyotoka Mei 2025.

Nimechukua tatu tu kwa sababu kila moja ina dai lake. Ya 1996 ndiyo mizizi. Ya 2018, Fallout, ndiyo ambayo mashabiki wengi wataapa kwamba haijapitwa. Ya 2023, Dead Reckoning, ndiyo nusu ya kwanza ya hadithi inayomalizikia kwenye hii mpya. Ukikuta kopi imeandikwa Part One usidhani ni nyingine, ni hiyohiyo. Mwanzoni walipanga kuziita sehemu ya kwanza na ya pili, halafu ya pili wakaibadilisha jina.

Hesabu ya muda

Hili watu hulidharau halafu linawaumiza. The Final Reckoning ina dakika karibu 170. Ya 2023 ina 163. Mkipanga kukesha nyumbani muziunganishe mbili hizo, ni masaa matano na nusu ya kukaa: mkianza saa moja usiku mnanyanyuka saa sita na nusu, na hapo hakuna aliyekwenda chooni, hakuna aliyesonga ugali, wala umeme haujacheza. Mgeni wa kurudi Igoma hiace ameshaikosa, ni bodaboda ya bei ya usiku. Fallout ina dakika 147. Ya 1996 ina 110, na ukiiunganisha na mpya mnamaliza kabla ya saa sita.

Tena ya 1996 haina mafuta. Hakuna mazungumzo ya kukumbushana mambo. Kuna kazi ya kwanza inayoharibika, mtu mmoja anasingiziwa usaliti, na kutoka hapo ni mbio za kujisafisha.

Ya 1996: chumba kile

Muongozaji alikuwa Brian De Palma. Kikosi kinakwenda Prague kuzuia kuibiwa kwa orodha ya majina halisi ya majasusi, kinateketea karibu chote usiku mmoja, na Ethan anayebaki hai anaonekana ndiye msaliti. Ili kumpata msaliti wa kweli inabidi aibe mwenyewe orodha hiyohiyo, na orodha imehifadhiwa makao makuu ya CIA, Langley, kwenye kompyuta isiyounganishwa na kitu chochote nje ya chumba chake.

Chumba chenyewe ni cheupe, kitupu, meza moja na mashine moja. Ndani yake kelele iliyozidi mnong'ono inawasha king'ora. Joto likipanda kidogo, king'ora. Chochote kikigusa sakafu, hata kama ni chepesi, king'ora. Anayeruhusiwa kuingia ni mfanyakazi mmoja, William Donloe, na huyo wanamtilia kitu kwenye kahawa ili ashinde chooni akitapika. Ethan na wenzake wanaingia jengoni wamevaa kama zimamoto, kisha yeye anashushwa kwa kamba kutoka kwenye njia ya hewa, kichwa chini miguu juu. Aliyeshika kamba kule juu ni Krieger, anaigizwa na Jean Reno, na panya anamjia usoni.

Kuanzia hapo De Palma anaondoa muziki wote. Unasikia pumzi tu, na vidole kwenye kibodi. Niliwahi kuitazama sehemu hii kwenye banda la video pale Mabatini, na nyuma yangu kijana akapaza sauti: "Bosi, sauti imekata! Gusa waya!" Mwenye banda akamjibu, "Tulia, mdogo wangu, haijakata." Banda zima likanyamaza. Jasho likatiririka kwenye miwani ya Ethan, tone likaning'inia, likadondoka, akalidaka kwa kiganja cha glavu kabla halijagusa sakafu. Hakuna bomu wala risasi, na watu walikuwa wamesimama.

Halafu kisu. Kazi imekwisha, Ethan anavutwa juu, na kisu cha Krieger kinaponyoka kutoka kwenye njia ya hewa, kinashuka kikizunguka, kinasimama wima juu ya meza ya Donloe. Donloe anaporudi kutoka chooni ndicho anachokikuta. Wengi hukumbuka kamba na tone la jasho, kisu wanakisahau. Rudia uone kilivyo, na ukumbuke kwamba kule Prague mmoja wa kikosi aliuawa kwa kisu cha aina hiyo.

Cruise amesimulia kwamba katika kuipiga picha sehemu ile alikuwa akigonga sakafu kwa uso kila wanapomshusha, mpaka akaweka sarafu kwenye viatu ili miguu ipate uzito wa kusawazisha mwili. Ukishajua hivyo, mwangalie anavyoning'inia sentimita chache juu ya sakafu akipepesuka mikono. Ule mhangaiko hauigizwi.

Donloe anaishia wapi? Kittridge, mkurugenzi wa IMF, akishaambiwa kilichotokea anaagiza apelekwe kwenye mnara wa rada huko Alaska. Ni maneno ya kupita, ya kuchekesha, na filamu haimtaji tena. Maisha ya mtu yamevunjika kwa sababu alikunywa kahawa, na sisi tukacheka. Kwenye The Final Reckoning mwigizaji yuleyule, Rolf Saxon, amerudi akiwa Donloe yuleyule. Hilo lilitangazwa kabla filamu haijatoka, kwa hiyo sijakuharibia. Namna alivyorudi ndiyo sitasema. Nitakachosema ni kwamba kama chumba kile umekiona jana, mtu huyu anapotokea utamfahamu usoni kabla hajajitambulisha, na utakuwa na deni naye. Kama hukukiona, utaona mzee mwenye ndevu na vipande vya kumbukumbu vya sekunde chache kukuelezea ni nani.

Kuna la pili ambalo ni kubwa kuliko hilo. Hii mpya ina sehemu ndefu chini ya maji, Ethan peke yake ndani ya nyambizi iliyozama, karibu bila neno hata moja. Ndiyo sehemu bora ya filamu nzima, na ni mtoto halali wa chumba cheupe cha Langley: mtu mmoja, mahali ambapo kosa dogo linaua, na muongozaji mwenye uvumilivu wa kutokujaza kelele. Mtazamaji aliyetoka kuona ya 2023 jana yake, na masikio yamezoea injini za magari ya Roma, huenda akaiona sehemu hii inajivuta. Aliyetoka kuona ya 1996 ameshajua namna ya kuketi nayo.

Udhaifu wake upo. Teknolojia inachekesha: siri za dunia zimo kwenye diski unayoibeba mfukoni, na barua pepe zinaonyeshwa zikikunjwa kama bahasha. Mwisho wake, helikopta ikiingia ndani ya njia ya chini ya bahari kulifukuza treni liendalo kasi, ulikuwa maajabu enzi zile, leo watoto watakuambia "hiyo kompyuta". Na katikati pana mazungumzo mengi ya kufuatilia kwa makini. Aliyezoea ngumi kila baada ya dakika tano atashika simu.

Ya 2023: nusu ya kwanza

Hapa adui si mtu. Ni akili mnemba wanayoiita Entity, inayoweza kuingia popote penye mtandao na kubadilisha unachokiona na unachokisikia. Silaha ya kuidhibiti ni ufunguo uliogawanywa vipande viwili vinavyoungana kufanya msalaba, na karibu filamu nzima ni watu kunyang'anyana vipande hivyo bila kujua kufuli liko wapi. Mtazamaji ndiye anayejua, maana ameonyeshwa tangu dakika za kwanza.

Kuna jambo moja humu ambalo nalipenda kuliko hata yale ya kuruka. Idara za ujasusi, zikishatambua kwamba hakuna kompyuta ya kuaminika tena, zinajaza ukumbi wachapaji na taipureta, wananakili nyaraka za siri kwenye karatasi kabla hazijabadilishwa. Mwaka 1996 siri ilikuwa salama kwa sababu imo kwenye kompyuta. Mwaka 2023 ni salama ikitoka humo. Ukiziona filamu hizi mbili kwa kufuatana, mabadiliko hayo yanakugonga bila mtu kukuhutubia.

Vitimbi vyake vinajulikana. Ethan na Grace, mwizi anayeigizwa na Hayley Atwell, wamefungwa pingu pamoja ndani ya Fiat 500 ya njano, wanakimbizwa Roma mzima. Hapo ndipo filamu inapochekesha kweli. Kuruka na pikipiki kutoka kwenye mwamba kulipigwa picha Norway mwaka 2020, siku ya kwanza kabisa ya kazi, na Cruise alielezea sababu bila kuzunguka: kama angeumia au kufa, afadhali ijulikane mapema kabla fedha nyingi hazijatumika. Treni linaloporomoka darajani mwishoni lilikuwa la kweli, lilijengwa kwa ajili ya kuvunjwa tu, likatupwa kwenye machimbo ya mawe huko Derbyshire, Uingereza.

Tatizo langu ni katikati. Watu wanakaa kwenye meza, kila mmoja anasema nusu ya sentensi kuhusu hiyo Entity, mwenzake anamalizia, kana kwamba wamegawana shairi la ngonjera. Tena hii mpya inaanza kwa kukukumbusha hayohayo: kuna ujumbe wa mkanda wa video na vipande vya filamu zilizopita, halafu maelezo yanaendelea kwa muda mrefu tu. Kwa mtu ambaye aliiona ya 2023 na hajaisahau, kuirudia jana yake ni kula wali wa kiporo asubuhi halafu mchana upakuliwe wali uleule.

Kwa ambaye hakuiona kabisa mambo ni tofauti, na hapo sina ubishi: aanze nayo. Hatajua Grace ni nani, kwa nini Ethan ana uchungu na Gabriel, adui wake wa zamani anayeitumikia Entity, wala Paris, yule muuaji asiyesema mengi, ameingiaje upande huu. Vipande vya kumbukumbu vinakupa habari, ila mazoea ya kukaa na mtu masaa mawili havikupi. Na lipo pigo moja kule Venice, kwenye daraja, ambalo hii mpya inalibeba kimyakimya tu. Asiyelijua atajiuliza mbona Ethan amezeeka ghafla.

Kuhusu nyambizi, na nani unakaa naye

Jambo hili sijaliona likisemwa kwingine, ila kwa ukanda wetu wa Ziwa ni la kuzingatia. Ya 2023 inafunguka ndani ya nyambizi ya Urusi, Sevastopol, chini ya barafu. Entity inaidanganya iamini kwamba inashambuliwa, inafyatua kombora, kombora linaigeukia yenyewe. Wote wanakufa, na tunaonyeshwa miili ikipanda hadi kugota kwenye barafu kwa chini. Hii mpya nayo, kama nilivyosema, inatuingiza ndani ya mabaki yaleyale.

Filamu ya kwanza ya mfululizo huu ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 22 Mei 1996. Siku moja kabla, tarehe 21 Mei, MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa imeukaribia mji wa Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Walioshuhudia husimulia meli ikielea tumbo juu, watu wakigonga bati kutoka ndani, na namna ilivyotobolewa, hewa ikatoka, ikaenda chini. Makaburi yako Igoma. Kwa kijana aliyezaliwa baadaye, nyambizi kugongwa ni mwanzo mzuri wa muvi. Kwa mama yake au baba mkubwa aliyekwenda kutambua miili mwaka ule, ile sauti ya chuma kulia na maji kupanda ndani ya chumba ni kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo ukipanga kutazama sebuleni na wakubwa, uliza kwanza. "Shikamoo mama, tunataka kuweka picha, ina meli inazama ndani yake, tuweke au tuangalie nyingine?" Hakuna anayekasirikia swali hilo. Ya 1996 haina kuzama kwa chombo chochote chenye watu, inakalika na familia kirahisi zaidi; ya 2018 ina vipigo vizito, na kule Paris gari lenye mfungwa ndani linatumbukizwa mtoni likazama, kwa hiyo nayo uliza kwanza.

Fallout: ya raha

Nitaipitia haraka kwa sababu haihitaji wakili. Viini vya plutoniamu vya kutengenezea mabomu vimeibiwa, dakika zinahesabiwa, na kutoka Paris hadi London hadi milima ya Kashmir, ambayo kwa kweli ilipigwa picha New Zealand na Norway, hupati nafasi ya kumeza mate. Ngumi za chooni Paris ni funzo: watu watatu, vigae vyeupe, na Henry Cavill anayekunja mikono kama anayejaza risasi. Masharubu yake hayo yalileta kesi yake, maana alitakiwa kwenye filamu nyingine akiwa Superman, mkataba ukamzuia kunyoa, wakayafuta kwa kompyuta na kila mtu akaona.

Kule London Cruise aliruka kutoka paa hadi paa mwaka 2017, akagonga ukuta na kuvunja kifundo cha mguu. Picha hiyo imo kwenye filamu. Anapanda, anachechemea, anaipita kamera. Kazi ilisimama kwa wiki kadhaa baadaye.

Kama jirani yako hajawahi kuona hata moja na unataka apende, mpe hii. Kama unataka mjadala wa nani mbabe, mpe hii. Lakini kama maandalizi ya hii mpya, ndiyo inayosaidia kidogo kuliko zote tatu. Kinachovuka kutoka humo ni Erika Sloane, mama wa CIA anayeigizwa na Angela Bassett, ambaye kwenye hii mpya amekuwa rais wa Marekani. Mengine yalimalizika hukohuko. Na hata humu utaona mizizi ya 1996 ikichomoza: yule dada muuza silaha, White Widow, ni mtoto wa Max, mama wa kununua siri kwenye filamu ya kwanza. Mtu aliyeirudia ya kwanza anatabasamu pale anapomtaja mama yake. Wengine wanapitwa.

Nyingine zilizobaki? Ya pili iache na njiwa zake. Ya tatu, ya 2006, itafute tu ukiwa na jioni ya ziada, kwa sababu kitu kinachoitwa Mguu wa Sungura, ambacho hawakutuambia ni nini, kinatajwa upya kwenye hii ya nane. Ya nne, ile ya kupanda jengo la Burj Khalifa, ni burudani tupu. Ya 2015 ndiyo inayomleta Ilsa, jasusi anayeuawa pale darajani Venice, na bila kumjua Ilsa pigo hilo haliumi.

Kwa DJ au kwa maandishi ya chini

Hapa uamuzi wa filamu gani unategemea unaitazama vipi. Tangu enzi za msimuliaji Lufufu tumezoea muvi kusimuliwa kwa Kiswahili na DJ, na mimi ni mpenzi wa jambo hilo. Fallout kwa sauti ya DJ mzuri inapanda daraja. Mbio za pikipiki kuzunguka lile lango kubwa la Paris, Arc de Triomphe, kinyume na magari, na DJ anawapa madereva wa Kifaransa matusi ya konda wa Buzuruga: hiyo ni filamu ya pili uliyopewa bure. Roma ya 2023 vilevile.

Ya 1996 usiitazame kwa DJ. Sababu ya kwanza ni chumba kile. DJ hawezi kunyamaza dakika zote hizo, ndiyo kazi yake. Ya pili ni mazungumzo ya mgahawani, kwenye stesheni ya Liverpool Street, London. Jim Phelps, kiongozi wa Ethan aliyedhaniwa amekufa Prague, anatokea na jeraha na kusema msaliti ni Kittridge. Ethan anaitikia. Anaeleza kwa mdomo jinsi Kittridge alivyoua kikosi, hatua kwa hatua. Lakini picha tunazoonyeshwa wakati anaeleza ni za Jim mwenyewe akifanya hayo yote: Jim akijipaka damu ya bandia, Jim akiendesha mauaji. Mdomo unasema jina moja, macho yanaona mwingine, kwa sababu Ethan ameshajua na hataki Jim ajue kwamba amejua. Aligundua kwa Biblia iliyogongwa muhuri wa hoteli ya Chicago ambako Jim alikuwa amelala.

DJ anayewahi kusema "kumbe Jim ndiye msaliti!" amekusaidia kuelewa na amekunyang'anya raha yote. Anayetafsiri maneno tu amekuacha gizani. Hapo unataka sauti ya Cruise na maandishi ya chini, uone anavyotabasamu huku machozi yanalenga. Na jina la Phelps lishike. Kwenye hii mpya lina kazi.

Hii ya nane yenyewe iangalie kwa maandishi pia, mara ya kwanza. Mara ya pili mpe DJ ajitafutie riziki. Epuka kopi zilizorekodiwa ukumbini kwa simu: sehemu ya nyambizi ni giza, kwenye kopi hizo utaona weusi mtupu na kichwa cha mtu aliyeinuka kwenda kununua soda.

Kama hata dakika 110 hazipo

Basi usiitazame yote. Hakuna sheria. Kwenye ya 1996 anza wanapokutana ndani ya treni kupanga kuingia Langley, endelea mpaka Kittridge amalize kusema la Alaska, ruka hadi mgahawa wa Liverpool Street, zima hapo. Ukibaki na nafasi, chukua ya 2023 utazame ufunguzi wa nyambizi peke yake hadi barafu, halafu daraja la Venice. Taa zima, na simu waachie wenye simu nje. Kwenye hii mpya, usitoke baada ya saa ya kwanza hata kama maneno yamezidi. Anapovaa mavazi ya kuzamia, sogeza kiti mbele.